Printa Pana kama Kitanda

Wanangu, kila anayekuja kunisalimia siku hizi ana studio. Mmoja anayo Segera, mwingine Handeni mjini, mwingine ameifungua juu ya duka la unga na anashangaa kwa nini picha zake zina vumbi. Mnakaa, mnakunywa chai yangu, mnaulizia magoti yangu, kisha mnauliza kile mlichokuja kuuliza: "Bibi Mwanaidi, printa yangu kubwa imezeeka. Ninunue nyingine au niendelee kuitengeneza?"

Magoti hayajambo. Kuhusu printa, nitawaeleza ilivyokuwa kwetu, halafu mtaamua wenyewe. Mimi nimestaafu, na kuamua ni kazi.

Nilikuwa Korogwe, kwenye studio ya Mzee Shemhilu, jirani na stendi. Nilitoka kwetu Handeni nikiwa na cheti cha ushonaji. Mzee alikuwa anatafuta mtu wa kufagia, nikafagia. Siku dada aliyekuwa anashika kamera alipoolewa akahamia Moshi, mzee alinitazama, akatazama ufagio, akanipa kamera. Hayo ndiyo mafunzo yangu ya upigaji picha.

Mengine alinifundisha yeye. Alikuwa Msambaa mrefu, mtu ambaye hakucheka alipokuwa anapiga picha na hakucheka alipokuwa hapigi. Aliniambia nikichapa picha ya mtu nianze kutazama macho, kisha ngozi, shati liwe la mwisho. "Shati likikosewa rangi hakuna atakayelia," alisema. "Wewe kosea ngozi uone." Hilo mlishike. Naona picha zenu za harusi. Magauni yametoka vizuri sana, na bibi harusi anafanana na embe.

Printa yenyewe mzee aliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika. Ilikuja juu ya lori la mabati. Upana wake ulikuwa wa kitanda cha futi tatu na nusu, na wabebaji walioishusha waliuliza godoro liko wapi. Ilikula karatasi za roli, na ilikuwa na uwezo wa kuchapa picha ndefu kiasi chochote, mpaka karatasi iishe au umeme ukatike. Mara nyingi umeme ndio uliotangulia.

Watu walimwambia mzee kwamba Korogwe haina haja ya picha kubwa namna ile. Hawakujua. Mtu akishajua kwamba anaweza kuwa mkubwa ukutani, hataki tena kuwa mdogo. Tulichapa maharusi, tukachapa mahafali, tukachapa marehemu, tukachapa trekta la mtu mmoja wa Magoma ambaye hakutaka yeye mwenyewe aonekane, trekta tu. Hata mgombea udiwani mmoja alikuja. Wino mwekundu ulikuwa unaelekea kuisha na hatukujua, akatoka na uso wa kijani kibichi. Tulipotaka kurudia, alisema hana muda, mabango yanatakiwa jioni hiyo. Yakabandikwa. Akashinda. Kuanzia hapo kila nilipomwambia mzee kwamba printa ina kasoro, alinijibu: "Imempa mtu udiwani."

Kuitunza ndiko kulikokuwa kazi. Kila asubuhi, mteja awepo asiwepo, lazima uchape kitu kidogo chenye rangi zote, ili wino usikauke kwenye hedi. Hedi ni kile kichwa kinachokwenda na kurudi kikimwaga wino kwa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Matundu yakiziba, umekwisha. Jioni unaifunika kwa khanga safi, si ya kufutia meza. Kiangazi unaweka beseni la maji chini yake, hewa isikauke mno. Wateja walidhani beseni lile ni la miguu. Wapo waliolitumia.

Basi, ikazeeka. Mashine ya aina hiyo haifi siku moja mkaenda mazikoni mkamaliza. Kwanza ilianza kuacha mistari myeupe, myembamba kama uzi, inayopita katikati ya nyuso za watu. Kisha weusi wake ukapungua, ukawa kijivu. Ukiiamuru ijisafishe, inasukuma wino kwa nguvu kwenye hedi ili kuzibua matundu, na wino wote huo unaishia kwenye chombo cha uchafu. Tukafika mahali wino mwingi unakwenda kwenye chombo kuliko kwenye karatasi. Tena ilikuwa inaelewana na kompyuta moja tu, ya zamani kama yenyewe, ambayo hatukuthubutu kuizima kwa kuogopa kwamba haitawaka.

Fundi alikuja kutoka Tanga, akafungua, akafunga, akafuta mikono.

"Mzee, spea za mashine hii hazitengenezwi tena," alisema. "Hedi niliyowafungia leo nimeitoa kwenye mashine iliyokufa."

"Kwa hiyo zinapatikana," Mzee Shemhilu akasema.

"Zinapatikana zikifa nyingine."

"Zitakufa," mzee akasema, akamlipa.

Mimi nilitaka mpya, na nilimwambia. Nilimweleza kwamba maharusi wa hapa hapa Korogwe wanatuma picha zao Tanga kwa simu, zinachapwa huko, zinarudi na basi zikiwa zimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki.

"Wanapita nazo hapa mbele ya mlango wetu," nilisema.

"Hapa mbele?"

"Na wanatusalimia."

Msimwone mjinga. Alikuwa na kiwanja Hale, upande wa kuelekea mtoni, alichokuwa amekinunua ili ajenge nyumba ya uzeeni. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kukitazama. Akirudi, nilimuuliza habari za huko, naye alisema kiwanja hakijambo. Mashine mpya maana yake ilikuwa kuuza kiwanja hicho, hakukuwa na mlango mwingine. Mtu wa umri wake akiuza nyumba ambayo hajaijenga ili anunue printa, lazima awe na sababu nzito kuliko maneno ya mfanyakazi wake. Mwenyewe nilikuwa najua hivyo, ndiyo maana nilikuwa nasema mara moja kwa wiki tu.

Sababu ilikuja kiangazi kimoja, kwa basi, kutoka upande wa Mazingara.

Walikuwa wanawake wawili wa Kimasai. Mkubwa aliitwa Bibi Nasieku, na aliyemshika mkono alikuwa binti yake, Naserian. Nikampa bibi shikamoo, akaiitikia akiwa ameelekeza uso pembeni kidogo yangu, nikaelewa kwamba haoni vizuri. Naserian alieleza. Mama yake aliugua vikope tangu usichana, ugonjwa ule wa kope kujikunja na kulikwaruza jicho mpaka linaweka kovu. Jicho moja lilikuwa limezima kabisa. La pili lilikuwa bado linapata vitu vikubwa, tena akivisogelea sana.

"Daktari amesema na hili linafunga," bibi alisema mwenyewe, kwa Kiswahili cha taratibu. "Hajui lini. Mimi nina kijana, Saitoti, analinda nyumba ya watu Dar es Salaam. Kila mwaka bosi wake anasema likizo mwaka ujao. Nataka nimwone kabla halijafunga."

Naserian akatoa simu. Picha ilikuwa ndogo, lakini ukiitazama ilikuwa nzuri: kijana amesimama mbele ya geti, kuanzia kiunoni, jua la asubuhi usoni.

"Unataka ukubwa gani, bibi?" nikauliza.

"Ukubwa wake."

"Wa nani?"

"Wa Saitoti."

Hapo nilifanya jambo moja ambalo nyie mnalisahau kila siku. Picha ikitumwa kwa simu kama picha, inabanwa njiani na inafika imepoteza nusu ya uhai wake. Nilimwambia Naserian ampigie kaka yake aitume upya kama dokumenti. Ikafika nzima. Nikaangalia macho, nikaitengeneza ngozi, nikampisha mzee. Kazi kubwa alikuwa anapenda kuichapa mwenyewe.

Printa ikanguruma, ikatetemeka, ikamtoa Saitoti taratibu kuanzia nywele. Mzee akamkata, akambandika ukutani. Bibi Nasieku akaongozwa mpaka pale, akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Akakaa hivyo. Akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Huyu ni nani?"

"Yeyo, si Saitoti huyo," Naserian akamwambia mama yake.

"Namwona mtu amesimama kwenye moshi."

Mzee Shemhilu alisafisha koo. Alikuwa mtu wa adabu. "Bibi, samahani. Labda ni macho."

"Macho yangu nayajua," bibi akasema bila kukasirika. "Nimekaa na ukungu wangu tangu huyu Naserian hajazaliwa. Najua unapoanzia na unapoishia. Huu mwingine si wangu. Ni wenu."

Mzee akarudi kwenye mashine, akaiamuru ijisafishe. Ikasafisha, ikanywa wino. Akaiamuru tena. Kisha akachapa upya. Weusi ulikuwa umerudi kidogo, lakini mistari ilikuwa imeongezeka, inashuka usoni kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Bibi akasogea tena.

"Sasa ametoka kwenye moshi," akasema. "Amekwenda nyuma ya mianzi."

Naserian alicheka, akajiziba mdomo kwa shuka. Mimi nilitazama sakafu. Mistari ile nilikuwa nimeilalamikia tangu masika, na kila mara mzee aliniambia hakuna mteja anayeiona.

Basi lao la kurudi lilikuwa linakaribia kuondoka. Bibi aliuliza arudi lini. Mzee, ambaye kwa kawaida hakumwahidi mtu kitu, alisema: "Wiki ijayo, bibi. Utamwona."

Nilidhani ameamua. Hapana. Kesho yake alikuja amevaa koti, akaichukua ile picha kwenye flashi, akasema anakwenda Tanga kuichapisha kwenye zile mashine mpya za watu, ili anionyeshe kwamba shida haiko kwenye mashine yetu.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Iko kwenye picha," alisema. "Au karatasi. Nitaijua."

Alirudi jioni na bomba la plastiki kwapani. Alipita stendi nalo hadharani, na watu walimsalimia. Tukamtandaza Saitoti wa Tanga sakafuni, pembeni ya Saitoti wetu, tukaweka viatu kwenye pembe ili karatasi isijikunje. Tukasimama.

Sitawaeleza sana. Yule wa Tanga alikuwa na kope. Ungeweza kuona kola yake imeanza kuchanika. Wetu alikuwa mtu mwema unayemkumbuka kwa mbali.

"Wino wao una mng'ao," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na taa za kule ni kali."

"Ndiyo, mzee. Lakini sasa tuko hapa."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile chenye pazia la bluu nyuma yake, kama mtu aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. Nilianza kuifunika mashine kwa khanga yake, na nikiwa nimempa mgongo nikamsikia anasema: "Hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu, Mwanaidi."

"Najua, mzee. Na mimi imenijengea nyumba."

"Nikiitoa, watu watasema Shemhilu amezeeka."

Nilifikiria la kumjibu. Ningeweza kumdanganya, lakini tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu mno. "Wanasema tayari, mzee," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

Wiki iliyofuata Bibi Nasieku akaja. Tulikuwa tumembandika Saitoti wa Tanga ukutani, uso wake kwenye kimo cha mtu aliyesimama, mwanga wa mlangoni ukimpiga. Bibi akasogea kama safari ile. Pua karibu na karatasi. Akaanzia chini, kwenye vifungo vya shati, akapanda. Alipofika shingoni akasimama. Akainua mkono, akauweka pale, kwenye mifupa ya chini ya shingo, akaupapasa. Studio ilikuwa na wateja wengine wawili waliokuja kupiga picha za kitambulisho. Nao wakasimama, bila kujua kwa nini.

Bibi akasema kitu kwa Kimasai. Naserian hakutafsiri mara moja.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

"Anasema amekonda."

Bibi akageuka upande tulipokuwa. "Mwenye mashine yuko wapi?"

"Niko hapa, bibi."

"Mashine ndiyo imemkondesha, au amekonda mwenyewe?"

Mzee Shemhilu alimtazama Saitoti. Nilimwona anatafuta namna ya kutoka. Angesema ni mashine, bibi angekwenda nyumbani na amani, na sisi tungebaki na printa yetu mpaka mwisho wa dunia.

"Hapana, bibi," akasema. "Mashine hiyo ni sahihi. Amekonda mwenyewe."

"Basi mpigieni simu," bibi akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka katika macho yote mawili, linaloona na lisiloona. "Mwambieni mama amemwona. Amwambie huyo bosi wake kwamba mama amemwona."

Naserian akatoka nje kupiga simu. Mzee naye alitoka, akasimama barabarani kwa muda, mikono nyuma, akitazama magari ya Arusha yanavyopita. Aliporudi alikaa mezani, akapanga kalamu.

"Mwanaidi," akasema, "kile kiwanja cha Hale kina mbu."

"Mto uko karibu, mzee."

"Wengi mno. Mtu mzima hawezi kuishi pale."

Akakiuza mwezi ule ule.

Sasa msitoke hapa mkaenda kutupa mashine zenu. Kuna zinazotaka hedi tu, au kufutwa vumbi, au mwendeshaji asiyekula karanga juu yake. Lakini usimuulize muuzaji, atakwambia nunua, wala usijiulize mwenyewe siku ambayo imekuudhi. Muulize fundi kama spea bado zinatengenezwa. Tazama chombo cha uchafu, uone wino wako unakwenda wapi. Halafu chukua uso mmoja, uchape kwako na kwingine, umpe mtu anayeupenda uso huo atazame. Yeye usibishane naye.

Ile ya zamani alikuja kuichukua fundi, kwa ajili ya spea. Mzee aliisindikiza mpaka kwenye gari, akaelekeza inavyopaswa kufungwa kamba, akampa fundi na ile khanga. Mpya ilipofika, kwa siku nyingi hakuisogelea. Alikuwa anaiita "hiyo ya Mwanaidi." Mpaka siku moja nilipochelewa nikamkuta anaichapia picha ya majaribio ya asubuhi, amevaa miwani, anahesabu rangi moja moja kwa kidole. Tulisalimiana, hatukuzungumzia.

Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimeanza pale kijana mrefu alipoinama kuingia mlangoni kwetu, akiwa amemshika mama yake mkono. Alikuwa amekonda kweli. Bibi hakuwa amekosea hata kidogo.

"Shikamooni," akasema. "Ni hapa mlipomwambia mama nimekonda?"

"Sisi tulichapa tu," mzee akajibu. "Aliona mwenyewe."

Saitoti alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache. Alitaka na yeye picha ya mama yake, ukubwa wa mama yake, akaiweke chumbani Dar. Nikamkalisha bibi mbele ya pazia la bluu, nikampangia shanga zake zikae sawa.

"Nitazame wapi?" akauliza.

"Huku inakotoka sauti yangu, bibi."

Akanyoosha mgongo, akainua kidevu, akaitazama sauti yangu. Katika picha zote nilizowahi kupiga, ile peke yake sikuigusa hata kidogo kwenye kompyuta. Mzee akaichapa kwenye mashine mpya. Ikatoka kimya kimya, bila kutetemeka, shanga moja moja, na lile kovu kwenye jicho kama wingu dogo jeupe. Saitoti aliitazama, akawa anaivutavuta ncha ya shuka lake.

Simu yake ikalia. Alikuwa bosi wake, anauliza anarudi lini. Kijana akatazama mama yake, akatutazama sisi, akatazama mvua nje.

"Bosi, bado," akasema. "Nasubiri picha ya mama ikauke."

Mzee Shemhilu alikuwa ameshaanza kuiviringisha picha, maana picha za mashine ile hutoka zimekauka. Akasimama. Akaikunjua tena, akaitandaza mezani, akailainisha kwa kiganja pembe kwa pembe.

"Mwambie," akasema, bila kuinua macho, "kwa mvua hizi itachukua muda."

Ilichukua mpaka vuli ikaisha.